Mti wa Ukame Unapokufa Maji

Waridi langu la kwanza la jangwani nililiua kwa birika. Nilikuwa nimeliweka kwenye chungu cheusi cha plastiki kando ya mahali tunapotawadhia, na kila nilipomaliza kutawadha, maji yaliyosalia niliyamimina pale. Mara tano kwa siku. Niliona ni jambo la kheri, maji hayapotei na mti unanywa. Mwezi wa pili haukuisha kabla kile kitako chake kinene hakijalainika kama papai lililopita siku zake, kikaanza kunuka.

Ayeeyo (bibi, kwa Kisomali) mmoja wa mtaani kwetu Garissa, Bula Iftin, mwanamke aliyekulia nyuma ya ngamia kabla ya kuhamia mjini, alikibonyeza kwa kidole akapangusa kidole kwenye ukuta. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huko baadia, nyikani, nani huumwagilia?"

Sikuwa na jibu, na swali lenyewe ni zito kuliko linavyosikika. Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, pengine zaidi kidogo. Jua na upepo wake vingeweza kukausha milimita zaidi ya 2,000 kwa mwaka huo huo, kama maji ya kukausha yangekuwepo. Mti huu umezaliwa katika hesabu hiyo ya hasara. Unastahimili jilaal, ule ukavu wa Januari hadi Machi, bila jani hata moja, tena hapo ndipo unapotoa maua yake ya waridi. Vipi basi kiumbe wa namna hii afe maji mikononi mwa mtu anayempenda?

Nilipolifuata swali hilo niligundua kwamba nilikuwa nikisoma kitabu kisicho chake. Nilisoma habari za mti. Ilinipasa nisome habari za chungu.

Lakini tuanze na mti, maana umbo lake ni somo.

Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. Neno la pili ni Kilatini, maana yake mnene kupita kiasi, na la kwanza linatokana na Aden, bandari ambayo majahazi ya upwa wetu yaliijua karne nyingi kabla ya wataalamu wa mimea kufika. Mswidi Pehr Forsskål aliuona Yemeni akiwa katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Alifia huko huko Yemeni mwezi wa Julai 1763. Mwenzake Carsten Niebuhr, aliyekuwa peke yake kurudi hai katika msafara ule, ndiye aliyechapisha maandishi yake mwaka 1775. Mti wenyewe haukusubiri jina. Umeenea kuanzia Senegali, ukapita Sudan, Ethiopia, Somalia na Kenya hadi Tanzania, ukavuka bahari mpaka Yemeni na milima ya Dhofar kule Oman. Leo wapandaji wa Thailand na Indonesia wamezalisha aina zake zisizohesabika, na Waindonesia huuita kamboja jepang, yaani kamboja, au frangipani, ya Kijapani. Mti wa nyika zetu umepewa uraia wa Japani. Nacheka kila nikikumbuka.

Sasa huo unene. Nunua ndimu moja na tikiti moja kutoka kwa wakulima wa kando ya mto Tana, uviweke mezani. Ndimu itasinyaa siku chache tu. Tikiti litakaa wiki na zaidi. Maganda yao hayafanani, kweli, lakini kuna sababu nyingine isiyotegemea ganda. Maji hukaa ndani ya tunda, ila hutorokea kwenye uso wake. Ukichukua tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 2, kila sentimita moja ya ujazo ndani yake ina sentimita 1.5 za mraba za uso wa kupotezea maji. Tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 lina 0.3 tu. Tikiti lina njia za kutorokea chache mara tano kwa kila tone lililohifadhiwa, hata kama maganda yangekuwa sawasawa. Kunenepa, kwa mti wa ukame, ni namna ya kupunguza milango. Ngamia, mbuyu na mtungi wa maji wametii hesabu hii hii.

Majani ni kinyume chake. Jani ni bapa, karibu lote ni uso. Limeumbwa hivyo kwa kuwa linatafuta vitu viwili: mwanga, na hewa ya kaboni dioksidi ambayo ni kama sehemu 4 tu katika kila sehemu 10,000 za hewa yote. Ili kuinasa hewa hiyo adimu jani hufungua vitundu vidogo viitwavyo stomata, na vinapofunguka, mvuke hutoka. Biashara hiyo ina hasara kubwa, maana molekuli moja ya kaboni dioksidi inayoingia hugharimu mamia ya molekuli za maji. Wakati wa gu', mvua za Machi hadi Mei, mti unaweza kulipa. Jilaal hauwezi. Kwa hiyo unafunga duka na kuyaangusha majani yote, ukabaki na kitako chake kilichojaa.

Hapa pana jambo ambalo birika langu halikulijua. Majani ndiyo pampu. Maji hupanda kutoka kwenye mizizi kwa sababu majani yanayavuta kutoka juu kwa kuyapoteza. Mti uliopukutisha majani karibu hauvuti kitu. Maji unayoutilia wakati huo hayaingii mtini, yanabaki chunguni.

Na chungu, hebu tukitazame.

Waliosomea taa ya koroboi wanakumbuka jinsi mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi bila kusukumwa na mtu. Majimaji hung'ang'ania kuta za vitundu vyembamba na kujivuta juu, na kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo yanavyopanda juu zaidi. Mrija wenye kipenyo cha milimita 1 huweza kushikilia maji kufikia kimo cha sentimita 3. Wenye kipenyo cha sehemu ya kumi ya milimita huyashikilia kufikia sentimita 30. Udongo ni msitu wa mirija ya aina hiyo. Mchanga mzito wa laga, mkondo wa mto wa msimu, una nafasi pana, na ule udongo laini unaoletwa na Tana ikifurika una nafasi ndogo mno.

Ardhini hakuna tatizo. Maji yakishuka hukuta udongo mwingine chini yake, na huo una mwingine, mita kwa mita, kila tabaka likinyonya kutoka lililo juu yake. Chunguni safari hukatika. Maji yakifika kitakoni mwa chungu hakuna tena udongo wa kuyanyonya, kuna hewa tu. Utadhani yatamwagika yenyewe kwa vile tundu lipo. Hayamwagiki yote. Zile nguvu za utambi huyashikilia, yakabaki yamening'inia chini ya chungu katika tabaka lililoloa chepechepe, ambalo halitoki hata ukingoje mpaka kesho. Kimo cha tabaka hilo huamuliwa na ulaini wa udongo, na ukubwa wa chungu hauna neno ndani yake.

Usiniamini kwa maneno. Kata kipande cha godoro la sponji, kirefu kama kitabu, ukichovye majini mpaka kishibe. Kilaze bapa juu ya viganja vyako na usubiri kiache kudondoka. Kikiacha, kisimamishe wima. Maji yatamwagika tena, kwa wingi, na sponji ni ile ile, matundu ni yale yale. Ilipolala haikuwa na kimo cha kutosha kuyashinda maji yaliyong'ang'ania. Iliposimama, kimo kikaongezeka na sehemu ya juu ikaweza kumwaga.

Kutokana na sponji hiyo tunapata mambo mawili yanayopingana na desturi. La kwanza linahusu vyungu bapa. Waridi la jangwani hupendeza katika chungu kipana kisicho na kina, kitako kikionekana chote, na wauzaji wengi huliweka humo. Lakini ikiwa udongo wako hushikilia tabaka bichi la sentimita 8, chungu chenye kina cha sentimita 30 kitaiachia mizizi sentimita 22 zenye hewa. Chungu cha sentimita 10 kitaiachia 2. Chungu kifupi si kikavu kama macho yanavyodhani, ndicho kibichi zaidi, na kinahitaji mchanganyiko wenye chembe kubwa zaidi.

La pili ni kokoto. Karibu kila mtu hutandaza kokoto chini ya chungu ili maji yatoke upesi. Maji yaliyong'ang'ania kwenye nafasi nyembamba za udongo hayana sababu ya kuruka kwenda kwenye nafasi pana za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo tabaka bichi linabaki na kimo chake kile kile, ila sasa limeanzia juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Umepunguza nyumba na kuacha mafuriko palepale. Kokoto zichanganye ndani ya udongo wote, au uziache barabarani.

Lakini maji yana kosa gani? Mizizi si inayataka?

Inayataka, ila mizizi pia hupumua. Haitengenezi chakula, haina mwanga. Huchoma sukari inayoshushiwa kutoka majanini, na kuchoma kunahitaji oksijeni. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara kama 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Nafasi za udongo zikijaa maji, mlango wa hewa umefungwa kwa kufuli. Mzizi hunyongeka, huanza kufa nchani, na kuvu za majini zinazopenda nyama iliyokufa huingia, zikapanda mpaka kwenye kitako chenye akiba ya maji na wanga. Ndiyo maana nasema mti wangu ulikufa maji, kama afavyo mtu.

Joto la Garissa huongeza mwendo wa mauti hayo. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 huweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni. Ya nyuzi 35 hubeba kama 7. Wakati huo huo, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hufanya mzizi upumue takriban mara mbili zaidi. Riziki imepungua na njaa imeongezeka. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, mti huu una adui mwingine. Baridi ya Julai huulaza, pampu ya majani husimama, na chungu hukaa kibichi majuma mazima. Hapa kwetu, ambako hatufiki hata mita 200 juu ya bahari, mti haulali kwa baridi kamwe, na hiyo ni neema ambayo wapandaji wa Ulaya huilipia umeme. Shida yetu ni chungu kupata homa.

Chungu cheusi cha plastiki kilichokaa juani saa tisa alasiri kishike ubavuni uone. Mizizi midogo iliyojibanza kwenye ukuta huo inapikwa. Garissa iko chini ya ikweta kwa karibu nusu digrii tu, kwa hiyo ukuta wa kusini na wa kaskazini hupokezana kivuli: katikati ya mwaka jua liko kaskazini, mwishoni mwa mwaka liko kusini. Upande usiosamehewa mwaka mzima ni wa magharibi, unaopigwa alasiri hewa ikiwa tayari imechemka. Mti wenyewe unataka jua la siku nzima, chungu hakitaki. Mimi hutumbukiza chungu ndani ya kingine kikubwa, kati yake nikatia mchanga, au nakipaka chokaa. Bora zaidi ni chungu cha udongo uliochomwa kisichopakwa rangi. Kinatoa jasho. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto linalotosha kupasha lita 7 za maji kutoka nyuzi 20 mpaka yachemke. Bibi zetu walipopozea maji kwenye mtungi walikuwa wakitumia kanuni hii bila kuiita jina.

Mchanganyiko wangu wa sasa ni sehemu mbili za mchanga mzito wa laga, sehemu moja ya chenga za mkaa au tofali lililopondwa, na sehemu moja ya samadi kuukuu ya mbuzi, ile iliyokaa mpaka haina harufu. Vyote nachekecha kwa kipande cha wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Kinachopita chini, vumbi na uchenga, namwaga. Kinachobaki juu ya wavu ndicho cha chunguni. Wageni hustaajabu kuona natupa kile wanachokiita udongo mzuri. Mzuri kwa sukuma wiki, sawa.

Kumwagilia nako kuna hesabu, na hapa watu wa Garissa tuna la kuzingatia kuliko wengine, kwa sababu maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Tuseme maji yako yana gramu 1 ya chumvi kwa lita, nawe unatia lita 2 kwa wiki, kidogo kidogo, yasitoke chini usichafue sakafu. Mwaka ukiisha umetia kama lita 100. Maji yote yamepaa, chumvi haipai. Chunguni mna gramu 100 za chumvi, nusu ya paketi ya gramu 200 ya dukani. Maji huelekea kule chumvi ilikozidi, kwa hiyo chumvi ya nje hushindana na mzizi, na mti huona kiu ukiwa umesimama majini. Ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu ndio risiti ya deni hilo. Dawa yake ni kumwagilia kwa nadra, na siku ya kumwagilia umwagilie kweli, mpaka maji yatiririke chini na kuiondoa chumvi ya juzi. Kisha kaa mbali. Mvua ikinyesha, kitoe chungu nje kikaoshwe bure.

Ni baada ya siku ngapi? Hilo siwezi kukuambia, na anayekutajia idadi ya siku hajakiona chungu chako. Kibebe. Kizoee uzito wake kikiwa kimetoka kumwagiliwa na kikiwa kimekauka, na mikono yako itajua kabla ya wiki tatu. Kama ni kikubwa kisichobebeka, chomeka njiti ya mishikaki mpaka chini, ingoje kidogo, ichomoe. Ikitoka na unyevu, ondoka na birika lako. Mti usio na majani usiupe ila kidogo sana, mpaka uone machipukizi.

Kuna dalili moja inayowapoteza hata wazoefu: kitako kilicholegea. Mti wenye kiu hulegea kwa sababu umetumia akiba. Mti unaooza hulegea kwa sababu nyama imeharibika. Dalili ni moja, dawa ni kinyume, na ukikosea umeua. Angalia udongo kwanza. Ukiwa mkavu na kitako kimelegea sawasawa pande zote, mwagilia. Ukiwa mbichi, na ulegevu uko upande mmoja, ng'oa mti siku hiyo hiyo, kata kilichooza mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu, ukitie vumbi la mkaa kidonda, kisha uutundike kivulini mizizi ikiwa wazi wiki moja au mbili. Hautakufa. Kukaa bila udongo wiki mbili ni jambo dogo kwake kuliko kukaa matopeni siku nne.

Unapokata, jihadhari na utomvu, maana una sumu ya moyo. Seli za moyo wako zina vipampu vinavyotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, kazi ambayo Jens Christian Skou wa Denmark aliifafanua mwaka 1957 na kutuzwa Nobel ya kemia mwaka 1997. Sumu ya mti huu huvishika vipampu hivyo na kuvizuia, moyo ukapoteza mapigo yake. Waata, waliokuwa wawindaji mashuhuri wa ndovu katika nyika za Tsavo na Tana, walipika sumu ya mishale kutoka kwa mti mwingine wa ukoo huu huu. Kaskazini mwa Kenya wafugaji wameutumia mti wetu kuua wadudu wa ngozi za ngamia na ng'ombe. Nawa mikono, usijipanguse macho, na uuweke mahali mtoto anayetia kila kitu mdomoni hafiki. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni kwamba mbuzi wa Garissa, wanaokula hata makaratasi ya sokoni, huunusa wakapita zao.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuupata. Usiung'oe nyikani. Mti mkubwa wa porini ulijijenga kwa miaka mingi kwenye mawe na mchanga wake, mizizi yake hukatika unapoung'oa, na mingi huozea vyunguni mwa watu wasiojua haya tuliyoyasema. Tawi lililokatwa na kupandwa litashika, lakini haliahidi kitako kile, kwa kuwa kitako hutokana na sehemu iliyo kati ya mzizi wa kwanza na majani ya kwanza ya mche, sehemu ambayo tawi halikuzaliwa nayo. Panda mbegu. Zikiwa mpya, katika joto letu huchipua ndani ya wiki moja hivi, na usipozamisha mche wake utaona kitako kikianza kufura kabla ya mwaka.

Mbegu hukaa ndani ya maganda mawili yaliyotengana kama pembe za swala, na kila mbegu ina vishada vya nywele pande zote mbili, umbo la kupeperuka. Ukiona pembe hizo zimeanza kubadilika rangi, zifunge uzi ukingoni mwa siku, kabla hujalala. Zikipasuka asubuhi bila uzi, utazifuata Madogo, ng'ambo ya daraja la Tana.